Kabla ya kuunganisha amplifaya mbili, tukubaliane maana ya maneno

Wahenga walisema kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Sina ugomvi na wahenga, lakini katika jambo ninalokusudia kulijadili leo methali hiyo imegeuzwa kuwa kisingizio. Muuzaji wa vyombo vya muziki huitekeleza bila ya kuitamka kila anapomkabidhi mnunuzi sanduku lenye kijitabu cha maelezo asichoweza kukisoma. Fundi naye huitekeleza anapokataa kueleza alichokifanya nyuma ya spika ya mteja wake. Mwisho wa yote ni moshi, hasara na lawama, na lawama hizo aghalabu humwangukia yule yule ambaye hakuambiwa maana hapo mwanzo.

Jambo lenyewe ni hili. Katika vibanda vya mafundi wa redio mjini Isiolo nimelisikia mara nyingi swali moja: je, mtu aliye na amplifaya mbili nyumbani anaweza kuziunganisha zote kwa spika zake ili apate muziki ulio bora zaidi? Swali hili limeletwa na spika za mtumba. Spika hizo kubwa za mbao, zilizokwisha kutumika ng'ambo kabla ya kufika kwetu, mara nyingi huwa na skrubu nne za kufungia waya kwa nyuma badala ya mbili tulizozizoea. Mtu anayeziona skrubu nne ana haki ya kujiuliza kwa nini ziwe nne, na ana haki ya kujibiwa kwa lugha anayoielewa.

Wapo watakaoniuliza mwanaisimu ana nini na nyaya. Jibu langu ni kwamba katika kisa hiki nyaya na maneno vimefungwa pamoja kiasi kwamba huwezi kuvitenganisha. Vyombo vingi vinavyoungua havikuunguzwa na umeme mbaya. Viliunguzwa na maelezo yaliyopotea njiani, kati ya kijitabu na fundi, na kati ya fundi na mteja. Maelezo yakipotea, huo ni msiba wa lugha kabla ya kuwa msiba wa umeme.

Na tuanze na kilichomo ndani ya kasha la spika. Sikio la binadamu husikia mitetemo ya kuanzia takriban 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Hakuna spika moja inayoweza kuitoa mitetemo hiyo yote vizuri. Kwa sababu hiyo watengenezaji huweka spika kubwa kwa ajili ya sauti nzito, nayo mafundi wetu huiita wufa, na spika ndogo kwa ajili ya sauti nyembamba, nayo huitwa twita. Kati ya hizo mbili huwekwa kifaa cha kugawa kazi. Kifaa hicho kina koili, ambazo huruhusu mitetemo ya polepole ipite, na kapasita, ambazo huruhusu mitetemo ya kasi. Mafundi hukiita krosova. Hicho ndicho mwamuzi wa nyumba: wewe wufa chukua hiki, nawe twita chukua kile.

Katika spika ya kawaida mwamuzi huyo hupokea umeme kutoka kwa amplifaya moja kupitia skrubu mbili, nyekundu na nyeusi. Katika spika ya skrubu nne, krosova imekatwa nusu mbili. Jozi moja ya skrubu inahudumia wufa, na jozi nyingine inahudumia twita. Ili mtu mwenye amplifaya moja asisumbuke, mtengenezaji huziunganisha jozi hizo kwa mabamba mawili madogo ya chuma au shaba: moja kati ya nyekundu na nyekundu, jingine kati ya nyeusi na nyeusi. Mabamba hayo yakiwapo, spika hiyo ni sawa na yoyote nyingine. Yakiondolewa, unaweza kuipa wufa amplifaya yake na twita amplifaya yake. Hiyo ndiyo maana ya kutumia amplifaya mbili, na hapo ndipo maneno yanapoanza kutuponza.

Chukua neno "kipaza sauti". Kwa umbo lake ni neno zuri. Kitenzi ni kupaa, tunakitia unyambuaji wa kusababisha tunapata kupaza, kisha tunaongeza kiambishi ki- cha ala, nacho kipaza sauti kinazaliwa kihalali kabisa. Lakini neno hili limebebeshwa mizigo mitatu. Kwa baadhi ya watu kipaza sauti ni kile anachokishika mhutubu mkononi. Kwa wengine ni ile pembe iliyowekwa juu ya mnara wa msikiti au paa la kanisa. Na wapo wanaoliita hivyo lile sanduku la katikati linaloikuza sauti. Nimewahi kuwasikia mteja na fundi wakizungumza hivi:

"Fundi, kipaza sauti changu kimekataa kusema."

"Kipi, mzee wangu? Cha kushika au cha ukutani?"

"Hapana, kijana wangu, kile cha kati chenye vifundo."

Mazungumzo hayo yalikwisha salama kwa sababu wote wawili walikuwa wamesimama mbele ya vyombo, na kidole kilikamilisha lililowashinda wao kulitaja. Lakini kidole hakiwezi kuandikwa katika kijitabu, wala hakionekani kwa simu. Mtu akiwa Merti au Garbatulla, na fundi akiwa Isiolo mjini, sentensi kama "unganisha kipaza sauti cha pili kwenye kipaza sauti" inaweza kueleweka kwa njia kadhaa, na baadhi ya njia hizo huishia kwenye moshi.

Kwa hakika, vyombo hivi vitatu vina kazi tatu mbalimbali. Maikrofoni huigeuza sauti kuwa umeme. Amplifaya huukuza umeme huo. Spika huugeuza umeme kuwa sauti tena. Wa kwanza na wa tatu hata hawapazi chochote, bali ni wakalimani. Anayekuza ni wa katikati peke yake. Ndiyo maana mimi binafsi sioni aibu kusema maikrofoni, amplifaya na spika. Anayependelea neno la kibantu kwa huyo wa katikati na aseme kikuza sauti, mradi asilitumie kwa jingine lolote.

Fauka ya hayo, lipo neno wufa lenyewe. Katika maduka yetu, wufa si tena ile spika kubwa ya sauti nzito. Ni mtambo mzima unaonunuliwa katika sanduku moja: amplifaya, spika ya chini na spika ndogo za kando. Mwanaisimu hashangazwi na mabadiliko hayo, kwani sehemu kutumiwa kwa maana ya kitu kizima ni jambo la kawaida katika kila lugha. Lakini mtu anaposema "nina wufa mbili, nataka kuziunganisha kwa spika moja", fundi makini hana budi kusita na kuuliza: una spika mbili, au una mitambo miwili? Jibu likiwa mitambo miwili, basi kazi imebadilika, na hatari yake imebadilika pia.

Hatari hiyo naitaja waziwazi, kwa sababu ndiyo roho ya makala haya. Usifunge amplifaya mbili kwenye jozi moja ya skrubu. Wapo wanaodhani kwamba amplifaya mbili ni kama punda wawili wanaofungwa mkokoteni mmoja, kwamba kila mmoja atavuta upande wake na mzigo utakuwa mwepesi. Sivyo. Amplifaya ina ukinzani mdogo sana mahali umeme unapotokea. Ukiziunganisha mbili uso kwa uso, umeme wa moja hauendi kwa spika, bali huingia katika nyenzake. Kila moja huiona nyingine kana kwamba ni waya mtupu. Zote mbili huchemka, na isipokuwa zina kinga ya ndani, huungua. Hilo hutokea pia kwa spika ya skrubu nne iwapo yale mabamba hayakuondolewa. Bamba dogo lisilozidi ukucha wa kidole gumba linaweza kumgharimu mtu mitambo miwili kwa dakika moja.

Utaratibu uliosalama ni huu. Kwanza, zima vyombo vyote na uchomoe plagi. Pili, hakikisha kwamba kila spika ina skrubu nne. Ikiwa ina mbili, achana na shauri hilo. Tatu, ondoa mabamba yote, ya nyekundu na ya nyeusi, kwa spika zote mbili. Usiache la nyeusi kwa kudhani kwamba nyeusi na nyeusi ni mamoja, kwani kwa baadhi ya amplifaya upande mweusi nao umebeba umeme. Nne, amplifaya ya kwanza ifungwe kwenye jozi ya wufa, ambayo mara nyingi ni ile ya chini na huandikwa herufi LF, na ya pili kwenye jozi ya twita, iliyoandikwa HF. Tano, nyekundu iende kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi kila mahali, kwani ukigeuza chanya na hasi kwa upande mmoja, wufa itasukuma wakati twita inavuta, na mahali sauti zao zinapokutana muziki utapwaya. Sita, mawimbi madogo yatokayo kwenye redio au simu yagawanywe kwa waya wenye panda ili yafike katika amplifaya zote mbili. Saba, washa kwa sauti ya chini kabisa, kisha upandishe polepole.

Lipo sharti la nane, nalo ndilo husahauliwa. Amplifaya hizo mbili lazima zikuze kwa kiwango kimoja. Ikiwa moja hukuza mara 20 na nyingine mara 30, basi wufa na twita hazitapatana kamwe, na muziki utakuwa ama wa ngurumo tupu ama wa mbinja tupu. Njia nyepesi ni kutumia amplifaya mbili za aina moja. Ukiwa na hizo, amplifaya moja inaweza kuhudumia wufa za spika zote mbili na nyingine twita zote mbili, au kila amplifaya ikahudumia spika yake, mkondo mmoja kwa wufa na mwingine kwa twita. Mtu aliyeokota moja sokoni na kurithi nyingine kwa mjomba wake ana kazi kubwa ya kuzisawazisha, na kwa maoni yangu haifai kuianza.

Sasa na tuulize lile ambalo muuzaji hapendi liulizwe: faida yake ni kiasi gani? Hapa tena neno limetupotosha, nalo ni "nguvu". Watu huamini kwamba ukiongeza nguvu mara mbili, sauti nayo itakuwa kubwa mara mbili. Sikio halihesabu hivyo. Nguvu ikiongezeka maradufu, mathalani kutoka wati 50 hadi wati 100, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio hukitambua lakini halikishangilii. Ili sauti isikike kana kwamba imekuwa kubwa mara mbili huhitajika desibeli 10 hivi, yaani nguvu mara 10. Aliye na wati 50 atahitaji wati 500. Amplifaya ya pili haimfikishi huko hata kidogo.

Zaidi ya hayo, katika mpango niliouelezea hapo juu kila amplifaya inapokea muziki wote, mzito na mwembamba, na kuukuza wote. Mgawanyo unafanywa baadaye, ndani ya spika. Ni kweli kwamba amplifaya ya twita haitoi mkondo mkubwa wa umeme, na hilo huipunguzia kazi. Lakini volteji yake bado inapanda na kushuka kwa ajili ya ngoma na gitaa zito ambazo twita haitazisikia kamwe. Faida basi ipo, ila ni ndogo. Anayekuuzia amplifaya ya pili kwa ahadi kwamba nyumba itatikisika anakuuzia neno, hakuuzii sauti.

Na maneno yanayouzwa ni mengi. Tazama herufi PMPO zilizoandikwa kwa wino mkubwa kwenye masanduku ya wufa madukani, zikifuatwa na tarakimu kama 10,000 au zaidi. Msomaji anayejua kuzidisha hahitaji shahada ili kuupima ukweli wa tarakimu hiyo. Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni volti 240. Plagi yetu ya meno matatu huwa na fyuzi isiyozidi ampea 13. Zidisha 240 kwa 13, unapata wati 3,120. Mtambo hauwezi kutoa kwa mfululizo nguvu kubwa kuliko ile inayoingia kupitia plagi yake. Wati 10,000 za sanduku basi ni za kufumba na kufumbua, zilizopimwa kwa namna ambayo haina uhusiano na muziki. Kipimo cha kuulizia ni wati za mfululizo, ambazo huandikwa kwa herufi RMS, na mara nyingi utazikuta zimeandikwa kwa herufi ndogo upande wa nyuma, au hazikuandikwa kabisa.

Je, ina maana kwamba amplifaya mbili ni upuuzi? La hasha. Ipo njia ambayo huleta faida ya kweli, na siri yake ni kugawa kazi kabla ya kukuza badala ya baada ya kukuza. Mawimbi madogo yatokayo kwenye redio hupitishwa kwanza katika krosova ya elektroniki. Sehemu nzito huenda kwa amplifaya moja na sehemu nyembamba kwa nyingine, na kila amplifaya hufungwa moja kwa moja kwa spika yake bila ya koili na kapasita katikati. Kila mmoja hubeba mzigo wake tu. Mwaka wa 1976 mhandisi Siegfried Linkwitz alichapisha makala mashuhuri kuhusu krosova za namna hiyo, na hadi leo aina moja ya kichujio huitwa kwa jina lake na la mwenzake Russ Riley. Spika nyingi zinazotumiwa katika studio za redio zimeundwa kwa msingi huo huo, amplifaya mbili zikiwa zimefichwa ndani ya kasha moja.

Lakini hatuna haja ya kwenda ng'ambo kuutafuta ujuzi huu. Ingia katika matatu iliyotengenezwa vizuri kati ya hizi ziendazo Meru na Nanyuki. Chini ya kiti utakuta amplifaya inayohudumia wufa peke yake, na mahali pengine amplifaya inayohudumia spika za milango na twita. Kwenye amplifaya hizo mna swichi ndogo zilizoandikwa LPF na HPF. Ya kwanza huruhusu sauti nzito tu, ya pili huruhusu nyembamba tu. Fundi wa matatu huziweka swichi hizo, akasikiliza, akageuza kifundo kidogo, akasikiliza tena. Kijana huyo, ambaye huenda hakuvuka darasa la nane, anagawa kabla ya kukuza, kama alivyofundisha Linkwitz. Mwenye nyumba aliyelipa pesa nyingi, kwa upande wake, anakuza kabla ya kugawa, kwa sababu hakuna aliyemweleza tofauti.

Tofauti kati ya hao wawili haitokani na akili wala fedha. Inatokana na mahali maarifa yanapokaa. Maarifa ya fundi wa matatu yanakaa kinywani na mikononi. Hayakuandikwa popote kwa lugha yake. Yeye akihama, yanahama naye. Maarifa ya mwenye nyumba yamo katika kijitabu, lakini kijitabu chenyewe kimeandikwa kwa Kiingereza, na pengine kwa Kichina, Kifaransa na Kiarabu. Katika vijitabu nilivyovifungua kwa mikono yangu nimeikuta hata lugha ya nchi yenye watu wachache kuliko wasemaji wa Kiswahili wa mji mmoja wa Dar es Salaam, lakini Kiswahili sikukikuta.

Ubaya wa jambo hili unaonekana wazi zaidi Isiolo kuliko Nairobi. Mji huu ni njia panda. Mborana, Msomali, Mturkana, Msamburu na Mmeru hukutana sokoni humu, kila mmoja na lugha ya mama yake, na inayowawezesha kununua, kuuza, kuteta na kupatana ni Kiswahili. Lami sasa inafika hadi Moyale, na bidhaa zinazopanda kutoka Nairobi hupita hapa kuelekea Marsabit na mpakani. Ukurasa mmoja wa Kiswahili ndani ya sanduku ungewafaa watu wa lugha tano kwa mpigo mmoja. Kuunyima mji kama huu ukurasa huo ni kuwaambia wakazi wake kwamba pesa zao zinakaribishwa ila akili zao hazihesabiwi.

Tena si suala la hisani. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kukifanya kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma anazozilipia. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 2012, ikapitishwa Sheria ya Kuwalinda Watumiaji wa Bidhaa. Soma vifungu hivyo viwili kwa pamoja. Habari ambayo mnunuzi hawezi kuielewa haimnufaishi kikamilifu wala nusu. Onyo la kuondoa mabamba, likiandikwa kwa lugha asiyoijua, ni sawa na kutoandikwa.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Wapo watakaosema Kiswahili hakina msamiati wa elektroniki. Hoja hiyo imechakaa. Kamati iliyoundwa kusanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka wa 1930. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania liliundwa mwaka wa 1967. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka wa 1990. Tunayo chanya na hasi, ukinzani, mkondo wa umeme. Tulichokikosa ni ukurasa ndani ya sanduku.

Wengine watasema kwamba istilahi zikiundwa watu hawatazielewa. Hapa nakubaliana nao kwa kiasi. Sisi wasomi tuna deni. Kwa chombo kimoja tu tuliwapa watu maneno matatu, ngamizi, tarakilishi na kompyuta, tukawaacha wachague. Kwa vyombo vitatu vya sauti tukawapa neno moja, kipaza sauti, tukawaacha wabahatishe. Wingi pale na uhaba hapa vyote vimetokana na mazoea ya kuunda maneno mezani bila ya kumsikiliza anayeshika chuma cha kuchomelea. Fundi amekwisha kusema amplifaya, spika, twita na krosova, na maneno hayo tayari yamevaa sauti za Kiswahili na kukaa katika ngeli zake bila ya matatizo. Wajibu wetu ni kuyaandika, kuyafafanua na kuyapa mipaka. Hatuna sababu ya kuyafukuza ili tulete mageni zaidi.

Napendekeza basi mambo matatu. Kwanza, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini lidai kwamba kila chombo cha umeme kinachoingizwa kwa ajili ya matumizi ya nyumbani kiwe na angalau ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye maonyo na mchoro wa kuunganisha. Gharama ya karatasi hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na amplifaya moja iliyoungua. Pili, vyuo vya ufundi katika kaunti zetu viwaite mafundi wa vibandani na wa matatu, vikusanye maneno na mbinu zao, na kuvifanya kuwa somo lililoandikwa kwa Kiswahili. Tatu, watunga kamusi wakae na mafundi hao kabla ya kutoa toleo lijalo, na neno kipaza sauti lipewe kazi moja tu.

Mnunuzi naye asisubiri serikali. Kabla ya kulipia amplifaya ya pili, na amuulize muuzaji: spika zangu zina skrubu ngapi? Mabamba yataondolewa na nani? Amplifaya hizi mbili zinakuza kwa kiwango kimoja? Muuzaji asiyeweza kujibu maswali hayo matatu hastahili pesa. Na kama nyumba yenyewe ni ya kuta tupu, sakafu ya saruji na paa la mabati, ajue kwamba sauti inayogonga na kurudi haitaponywa na amplifaya ya pili wala ya tatu. Zulia sakafuni, pazia zito dirishani na spika kusogezwa mbali kidogo na ukuta vitamletea uwazi mkubwa kwa gharama ndogo. Jirani pia atamshukuru, hasa tukikumbuka kwamba tangu mwaka wa 2009 nchi hii ina kanuni za kudhibiti kelele.

Nasisitiza neno uwazi kwa sababu ndilo lililokuwa likitafutwa tangu mwanzo. Aliyefika kwenye kibanda cha fundi na amplifaya mbili kwapani hakutaka kelele. Alitaka kulisikia kila neno la mwimbaji, na kinanda kisimezwe na ngoma. Uwazi huo hupatikana kazi inapogawanywa mapema na kila kifaa kikajua chake. Ndivyo ilivyo kwa amplifaya, na ndivyo ilivyo kwa maneno. Asiyejua maana na aambiwe maana, kwa Kiswahili, kabla ya plagi kuchomekwa.